Kocha Wetu wa Kuvuta Kamba

Kocha wetu hakuwahi kuvuta kamba maishani mwake, isipokuwa mara mbili, na hizo nitazisema. Alikuwa mwembamba, kifua kimeingia ndani, suruali imekazwa kwa mkanda uliokaribia kumzunguka kiuno mara mbili. Sisi wanawake wa brashini, tuliojaliwa miili, tulikuwa tunasema tukimpuliza kwa pamoja ataokotwa ng'ambo ya mto Pangani. Alisikia. Akajibu kwamba anaisubiri kwa hamu siku tutakayofanya jambo lolote kwa pamoja, hata kama jambo lenyewe ni kumpuliza yeye.

Brashini ni pale singa, zile nyuzi za mkonge, zikishakauka zinapopigwa brashi kabla ya kufungwa marobota. Vumbi lake linakaa hadi kwenye nyusi, na mtu ukipiga chafya unatoa rangi ya mchanga. Nimefanya kazi pale tangu usichana, kibarua kama mama yangu, kwenye shamba moja la mkonge huku tambarare ya Korogwe. Kocha alikuwa fundi wa korona, mashine inayosaga majani ya mkonge na kuacha singa. Alipostaafu hakutoka kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Uongozi wa wakati ule ulimwachia nyumba kwa sharti moja, afundishe timu ya wanawake ya kuvuta kamba, ile inayokwenda kutuwakilisha Mei Mosi. Timu ikiwepo, anakaa. Timu ikifa, anahama. Nalisema hili mapema kwa sababu bila kulijua utamwona mtu mkali tu, mwenye maneno ya kukera, na mimi mwenyewe nilimwona hivyo kwa muda mrefu.

Nyumba yenyewe haikuwa na la kutamanisha. Vyumba viwili, bati limechoka, jiko la nje, choo kule nyuma karibu na mfereji. Ningepewa bure ningefikiri mara mbili. Lakini mkewe alikuwa haoni. Macho yalimfifia polepole akiwa tayari ameishi mle miaka na miaka, na mwili wake ukawahi kuishika nyumba kabla macho hayajaondoka. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao, alinipokea mlangoni, akaniwekea kigoda, akatoka nje kuchochea moto, akarudi na chai bila kumwaga tone, akamfukuza kuku aliyekuwa anadonoa mchele kwenye ungo. Nilikunywa chai yote, tukasengenya vya kutosha, ndipo akaniuliza kanga niliyovaa ina maandishi gani, maana ameisikia ni mpya. Hapo ndipo nilipojua. Sote tulimwita Bibi, naye alitujua kila mmoja kwa mwendo wake kabla hatujabisha hodi.

Nje ya nyumba ile Bibi alikuwa mtu mwingine. Kuna siku Kocha alimpeleka hospitali mjini Korogwe, nami nikawasindikiza. Tulimwacha dakika chache kwenye kibaraza tukaenda kuulizia dirisha la dawa. Tuliporudi tulimkuta Bibi amesimama katikati ya watu, mikono imenyooka mbele, analia kwa sauti ndogo, anauliza ukuta uko wapi. Ukuta ulikuwa karibu naye, angenyoosha mkono upande wa pili angeugusa. Tangu siku ile nilielewa kwamba ndani ya ile nyumba Bibi alikuwa anaona, na kwamba Kocha akiipoteza atakuwa amempofusha mkewe mara ya pili.

Sasa nieleze kazi yake. Mtu asiyeijua kamba hudhani ni mambo ya nguvu. Kocha alituambia siku ya kwanza kwamba nguvu tunazo, hata ng'ombe anazo, na ng'ombe hajawahi kuchukua kombe. Alitufundisha kukaa. Neno lake lilikuwa hilo tu, "Kaa!" Makalio chini, mgongo umenyooka, kisigino kimechimba udongo, mikono isikunjwe, macho kwenye shingo ya aliye mbele yako. Wapinzani wavute wao, wachoke wao, wewe umekaa. Utafika wakati wote wanane kule ng'ambo watataka hewa kwa pamoja, na hapo ndipo alipotoa sauti yake, "Haya, mama!" nasi tunarudi nyuma hatua moja ya kisigino. Moja tu. Kisha tunakaa tena. Tukitaka kuchukua mbili anatukana.

Mazoezi yetu yalikuwa ya toroli. Zamani mkonge ulibebwa kwa matoroli kwenye reli nyembamba zilizokatiza shamba zima, na toroli moja lilibaki pale karibu na korona, limeshika kutu. Kocha alilipakia mawe, akafunga kamba, akatuita. Kila alasiri, kazi ikiisha, tulilivuta lile toroli huku linalia hadi kwenye daraja la mfereji, kisha tunalirudisha. Yeye alitembea pembeni amechuchumaa, shavu karibu liguse ardhi, anatazama visigino vyetu. Nyuso hakuzitazama. Alisema uso wa mwanamke umezoea kusema kila kitu ni salama, lakini kisigino hakijafundishwa adabu.

Alikuwa na falsafa zake za kumpanga mtu. Timu nyingine huweka wanene nyuma na waliobaki popote. Kocha alisema katikati ndipo watu wanapojificha, kwa hiyo katikati ndipo anapoweka wale asiowaamini, akiwabana na wale anaowaamini mbele na nyuma. Kulikuwa na wawili waliokuwa hawaamkiani kwa sababu ya mwanamume mmoja wa karakana, ambaye kwa maoni yangu hakustahili hata ugomvi wa kuku. Kocha akawapanga mmoja nyuma ya mwenzake. Tukamwambia, Kocha, hawa watauana. Akasema, "Wataoneana aibu. Hakuna atakayekubali mwenzie amwone amelegea." Ikawa kweli, wale wawili ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu, na hawajaamkiana mpaka leo. Mimi aliniweka mwisho kabisa, kwenye nanga, kamba imepita begani. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema nina mwili na nina kiburi, na vyote viwili ni vizito.

Usidhani alikuwa hakosei. Alikuwa na mtindo wa kuweka vidole viwili juu ya kamba tukiwa tumekaa, anafumba macho, kisha anamtaja mtu kwa jina kwamba anadanganya, havuti. Karibu nusu ya mara alikosea. Siku moja alinitaja mimi. Nikaiachia kamba nikamwonyesha kiganja changu kilichopasuka, damu inachirizika. Akakitazama, akasema, "Basi vuta kwa kile kingine," akaendelea na safari. Nililala na hasira. Kesho yake nikakuta papai limewekwa juu ya fungu langu la singa, bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na hakuna mwanamke wa timu ile ambaye hakula papai la Kocha.

Alikuwa mswalihina mwenye mdomo mchafu. Alitoka kwenye sala ya alasiri, kofia bado kichwani, akafika uwanjani na kutuita majina ambayo siwezi kuyaandika. Alituasa tusimwombe mtu yeyote kitu chochote, maana anayeomba amekwisha kushuka, halafu yeye mwenyewe alishinda akiombaomba kwa ajili ya timu, viatu hapa, lori pale, ruhusa kule. Ukimwambia, anasema haombi, anakumbusha.

Tatizo letu kubwa lilitokana na kazi yetu. Shambani kwetu kila mtu ana kipande chake. Ukimaliza chako unakwenda nyumbani, mwenzako akibaki ni shauri yake. Tumekulia humo, sisi wajukuu wa watu walioletwa kutoka kila pembe kuja kukata mkonge. Basi hata kwenye kamba tulivuta hivyo hivyo, kila mtu kipande chake. Kila mwaka tulishinda raundi ya kwanza kwa nguvu, tukatolewa ya pili kwa upumbavu. Kocha alitukana hadi sauti ikakauka, haikusaidia.

Msimu mmoja wa masika akatupakia kwenye lori, akatupeleka Sindeni, kijiji cha wakulima, na tulipofika akatugawia majembe. Tukauliza, Kocha, tumekuja kuvuta au kulima? Kulikuwa na shamba la mama mmoja mgonjwa, na wanawake wa kijiji wamekusanyika kumlimia, wamejipanga safu moja kutoka mpaka hadi mpaka. Tukaingia kwenye safu yao. Sisi, kwa mazoea yetu, tukachapa jembe, mara tukawa tumewaacha mbali, tukageuka nyuma tukiringa. Hakuna aliyetusifu. Mama mmoja mtu mzima akasimama, akaegemea mpini.

"Nyie wa mkonge," akasema, "mnakimbilia wapi? Shamba halihami."

Tukaona haya, tukarudi. Ndipo nikagundua kwamba safu nzima ilikuwa inakwenda kwa mwendo wa mmoja tu, bibi kizee aliyekuwa karibu na mwisho, na hakuna aliyekuwa amemtangulia hata kwa kipimo cha jembe. Jua lilipokuwa kali, mwanamke mmoja akashikwa na kiuno, akaketi chini. Majembe yote yakawekwa chini. Hakuna aliyetoa amri. Walikaa, wakanywa maji, wakasimulia habari za harusi, hadi yule mwenzao aliposema yuko tayari, wakainuka wote. Niliuliza kwa nini wasiendelee wakamwacha apumzike. Yule mama aliyeegemea mpini akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Mwanangu, ukimpita mwenzio aliyekaa, umemwambia yeye mvivu. Nani atakuja kukulimia wewe ukiugua?"

Wakati wa kurudi Kocha akapanda nyuma ya lori pamoja nasi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Akasema, "Mmeiona kamba?" Tangu siku ile akaweka sheria, kwamba mmoja akisimama, wote tumesimama. Kwenye toroli akiteleza mmoja, wote tunakaa. Akifungua kiatu mmoja, wote tunangoja. Alitufanyisha hivyo masika na kiangazi, mpaka miili yetu ikasahau njia nyingine. Tukaanza kushinda. Timu zilizotucheka miaka yote zikaanza kuuliza tunakula nini.

Kule Sindeni ndiko alikomwona Mama Zuhura. Alikuwa mtu wa Kang'ata, amekuja kwa dada yake, na Kocha alipomwona anavyochimbia kisigino kwenye udongo wenye maji alisahau hata kula. Akamfuata mumewe Kang'ata, akanichukua na mimi ili isionekane ni mzee anatafuta mke. Yule bwana alikuwa anasuka kamba ya mbuzi barazani, mtu mpole, lakini alipoelewa tulichotaka akacheka.

"Mke wangu akavute kamba mbele za watu? Mzee wangu, umepatwa na nini?"

Kocha akatoa sababu zote alizokuwa nazo. Kibarua brashini, sifa ya wilaya, safari ya Tanga. Bwana anatikisa kichwa tu. Mwisho Kocha akasema kitu ambacho sisi wenyewe timu hatukuwahi kukisikia kinywani mwake. Akasema, "Ndugu yangu, mke wangu haoni. Nyumba tunayokaa ndiyo macho yake. Tusipochukua kombe la mkoa safari hii wanatutoa."

Yule bwana akaiweka chini kamba yake ya mbuzi. Akaingia ndani, tukasikia wanaongea Kizigua na mkewe, akatoka. "Kama ni kwa ajili ya huyo mama, mchukue. Lakini umrudishe mzima."

"Nitamrudisha mzima," Kocha akasema.

Alikuwa anasema kweli kuhusu kombe. Meneja mpya alikuwa amekuja, kijana, msafi, mwenye shikamoo kwa kila mzee. Alimfuata Kocha hadi uwanjani, tukasikia wote. "Mzee, mimi sina neno na wewe. Nyumba ni za watumishi, nami wapo ambao sina pa kuwaweka. Mkileta kombe la mkoa nitakuwa na la kuwaambia wakubwa, kwamba timu ina faida, na kocha abaki. Msipoleta, naomba unisaidie nisije nikakulazimisha." Angekuwa mbaya tungemchukia na roho zetu zikapumua. Hakuwa mbaya, na hilo lilituumiza zaidi.

Miezi ile Kocha aliharibika mbele ya macho yetu. Alikonda, naye hakuwa na cha kukondea. Alituvutisha toroli kwenye mvua. Aliongeza mawe, akaongeza tena, hadi kamba ikaanza kutoa nyuzi. Alisahau mapapai. Akikosea hakurudi nyuma, anaendelea kutukana mpaka mtu analia, na mtu akilia anamwambia alie huku amekaa. Siku moja nilisahau kanga yangu uwanjani nikairudia. Nilimkuta peke yake. Alikuwa ameishika kamba, amejifunga begani kama ninavyofanya mimi, amekaa kama alivyotufundisha, tena vizuri kuliko yeyote wetu, anavuta. Lile toroli halikutikisika. Alivuta hadi miguu ikaanza kumtetemeka, kisha akaketi juu ya reli na kofia yake mkononi, akasema, hakuwa akisema na mimi maana hakuniona, "Ee Mola, si ningepewa hata mwili." Niliiacha kanga pale pale nikarudi zangu. Nililia njia nzima, na siyo mtu wa kulia mimi.

Mkewe hakuambiwa kitu. Tukienda kwao alitutania, akituambia visigino vyetu vimekuwa vizito, anasikia ardhi inalalamika. Alituombea dua tushinde, kwa sababu mumewe akishinda anakula vizuri. Sisi tunaitikia amina, hatutazamani.

Mei Mosi ikafika, tukaenda Tanga. Sitaeleza raundi zote. Tulikaa, tukangoja wenzetu wapumue, tukarudi hatua moja moja, na kila timu iliyokuja ilivuka mstari ikiwa haijui imefanywa nini. Fainali tukapangiwa na wanawake wa kiwanda kimoja cha mjini, wana viatu vya maana, wana kocha mwenye filimbi shingoni. Mvuto wa kwanza tukawachukua. Wa pili wakatuchukua. Ukabaki mmoja.

Mvuto ule ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kuuvuta. Jua lilikuwa linachoma, kitambaa chekundu cha katikati kimesimama tu hewani. Tumekaa. Nilikuwa nimemkazia macho mwenzangu wa mbele shingoni, naona jasho linavyotambaa. Kocha amechuchumaa pembeni, shavu chini. "Bado... bado..." Kisha, "Haya, mama!" Tukachukua hatua. Tukakaa. "Haya, mama!" Tukachukua nyingine. Kitambaa kikaanza kuja. Niliwasikia wale wa ng'ambo wanaguna, nikajua wamekwisha. Ilibaki kidogo sana, hatua za kuhesabika, na mimi pale kwenye nanga nilikuwa nimeshaanza kumwona Bibi anachochea moto jikoni kwake.

Ndipo Mama Zuhura, aliyekuwa katikati, mguu ukamgeuka. Tulisikia. Akapiga kelele moja, "Jamani mguu!" akaanguka ubavu.

Tukasimama. Wote. Hakuna aliyeamua. Mikono ilifunguka yenyewe, kamba ikatupita mikononi ikichoma, na kabla kitambaa hakijafika kule ng'ambo sisi tulikuwa tumeshapiga magoti kumzunguka mwenzetu, mmoja ameshika kichwa, mwingine anamvua kiatu. Na juu ya vichwa vyetu nikasikia sauti ya Kocha, siyo ile ya "Haya, mama," sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Mwacheni! Mwacheni huyo! Vuteni! Vuteni, nawaomba!" Alikuwa ameishika kamba mwenyewe kwa mikono miwili, inamburuta kwenye majani. Mwamuzi akapiga filimbi.

Tukapanda lori. Mama Zuhura tulimfunga kanga kwenye kifundo, akawa anaomba radhi kila tukipita shimo. Kocha alikaa mbele na dereva. Tulipofika Korogwe alishuka, akamkodishia bodaboda Mama Zuhura, akaja nyuma ya lori kutazama kama tumeshuka wote. Hakumtukana mtu. Ningependa angetutukana.

Hakufundisha tena. Mwezi haukwisha, nikatoka kazini nikakuta mlango wao una kufuli jipya, na majirani wakasema wamekwenda Makuyuni, amepata chumba cha kupanga na ulinzi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Mtu husema hivyo.

Nilikwenda mwishowe, nimechukua sukari na sabuni. Nilimkuta Kocha kwenye ile mashine, amekaa kwenye gunia, vumbi la unga limemfanya mzee zaidi. Nilimwamkia, akaitikia, akaaga wenzake tukaongozana kwenda kwake. Njia nzima aliniuliza habari za watu, fulani ameolewa, fulani bado yupo brashini. Tulipokaribia akasimama.

"Yule Mama Zuhura. Mguu umepona?"

"Umepona, Kocha. Anachechemea kidogo tu."

"Nilimwahidi mumewe." Akakung'uta unga mikononi. "Sauti yangu siku ile uliisikia?"

"Niliisikia."

"Nilisema mwacheni."

Nikamwambia, Kocha, yamepita yale, sote tulikuwa tumechanganyikiwa. Akatikisa kichwa. "Mimi sikuchanganyikiwa. Nilimwona amelala pale, nikasema moyoni, na avunjike, lakini wavute. Watu wengine wangesema wanajuta. Mimi najiuliza kila siku, na kila siku naona ningesema tena. Hilo ndilo linaloniua, mwanangu. Nyinyi nilichowafundisha mlikishika. Mimi mwenyewe sikukishika."

Tukaingia.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka, dirisha moja, kitanda, meza, maboksi. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. "Nani?" akauliza. Nikamtajia jina. Akafurahi mno, akanishika uso, akasema nimenenepa, nikasema ni uongo. Akainuka anitengenezee chai, paja likagonga meza, akasimama hajui ageukie wapi. Kocha akamrudisha kitandani taratibu, akachukua chupa ya chai mwenyewe.

"Sitoki humu," Bibi akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. "Akiwa kazini nakaa hapa hapa. Nikitaka kwenda haja, namngoja." Kisha akanisogelea. "Mwanangu, wewe bado uko kambini?"

"Nipo, Bibi."

"Basi niambie wewe, huyu hanielezi vizuri. Ile nyumba yetu wamekwisha kuibomoa, au bado wameacha kuta?"

Sikuelewa. Nikamtazama Kocha. Alikuwa ameinamia vikombe, chupa ya chai mkononi, na hakuwa anamimina kitu. Hakuinua macho. Ndipo nikajua alimwambia nini siku ya kuhama. Na mimi asubuhi ile ile, nikija, nilikuwa nimepita mbele ya nyumba hiyo. Mlango wazi, moshi unatoka jiko la nje, nguo za mtoto zimeanikwa.

"Wamekwisha, Bibi," nikasema.

"Hata kuta?"

"Hata kuta. Pamebaki peupe."

"Na jiko langu?"

"Na jiko."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Alhamdulillahi," akasema. "Maana usingizi siupati. Najiambia kama ipo, nitarudi hata kwa kutambaa. Sasa nitatulia."

Kocha akamimina chai, naye Bibi akanyoosha mkono mbele yake kutafuta kikombe. Ukapita pembeni, ukarudi, ukapita tena, na Kocha akakisukuma polepole juu ya meza hadi kikagusa vidole vyake.